Msaragambo wa Waya

Jumamosi, 30 Agosti 2003

Ushindi! Mtaro umechimbwa. Viganja vinaniuma kwa kuwapigia watu makofi.

Pembe ililia alfajiri na kitongoji kizima kikatoka na majembe. Sisi wa hapa ni watu wa milimani tulioteremka Same kutafuta maisha, na mpaka leo tunaitana msaragambo: kazi ya wote, kila kaya na kipande chake, na asiyefanya kipande chake anakuja kuchukuliwa kitu nyumbani mpaka afanye. Utaratibu mzuri sana. Hasa ukiwa wewe ndiye unayegawa vipande.

Wiki iliyopita nilimwendea mwenyekiti wetu, Bi Stumai, nikamshushia hotuba. Utandawazi. Soko huria. Dunia nzima imekuwa kijiji, sisi tumebaki kuwa nini? Waya mmoja tu, kutoka duka la intaneti la Hamdani hadi sebuleni kwangu mimi Gadiel, na kila mama wa kitongoji hiki atasoma barua za wanawe walioko Dar bila kutoa senti. Bi Stumai aliniuliza mara mbili kama kweli ni bure. Nikamwapia. Kwamba ni bure kwa mwezi wa kwanza tu, hilo hakuniuliza.

Kwa hiyo wamechimba. Hata Sylvester, jirani yangu, amechimba. Sylvester huyu! Nilipokuwa karani kwenye shamba la mkonge, yeye alikuwa anabeba matita ya mkonge mgongoni. Leo ana lori la Fuso, ananunua mazao ya watu kwa bei ya kutupa, na anajiita mfanyabiashara. Nilimpa kipande kirefu kuliko wote, penye mawe. Akavua shati, akachimba huku anaimba. Alifanya makusudi kuniudhi.

Kipande changu, kuanzia getini hadi ukutani, sikuchimba. Msimamizi hachimbi. Nimeulaza waya juu ya ardhi, nikafunika kwa gunia, nikamwagia mchanga kidogo wa kupendezesha. Hakuna aliyeona.

Rogathe aliona. Mke wangu ana macho ya kuona mambo yasiyomhusu.

Jumatatu, 1 Septemba

Leo Gadiel ameingia duniani.

Hamdani alikuja asubuhi na vikorokoro vyake, akachomeka waya nyuma ya kompyuta, na taa ndogo ya kijani ikaanza kukonyeza. Nilimwita Rogathe aje aione. Alikuja, akaitazama, akauliza kama ndiyo hiyo tu.

Hajapata kuiheshimu mashine hii. Shamba la mkonge lilipouzwa kwa mwekezaji na sisi tukapunguzwa, nusu ya kiinua mgongo nilipewa mkononi, nusu nyingine nikachukua kompyuta ya ofisi ya uhasibu. Rogathe alitaka nichukue ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe! Karne hii!

Na sasa, sikiliza. Nikafungua barua pepe, nikakuta jibu kutoka Muscat. Kutoka Uarabuni, kuja kwangu mimi!

Nieleze vizuri. Sebule yetu imejaa tangawizi. Magunia yamepangwa mpaka yameziba picha yetu ya harusi. Ni tangawizi ya Rogathe, ameilima kwa kaka zake huko Mamba mlimani, mwaka mzima anapanda na kushuka. Ada ya Doris, binti yetu, yote imo kwenye magunia hayo. Shule imeshasema asirudi baada ya likizo hii fupi bila ada. Sylvester alikuja na Fuso lake kuitaka, akataja bei ambayo hata mbuzi angecheka. Nilimfukuza. Nikamwambia Rogathe aniachie mimi, nitatafuta mnunuzi wa kimataifa. Nikaandika barua kwa Kiingereza kizito, na kwa kuwa waya ulikuwa bado, Hamdani akanitumia kutoka dukani kwake. Leo jibu limekuja: anaitaka yote. Nimtajie tu idadi ya magunia na siku ya kuyachukua, kabla Ijumaa ya tarehe kumi na mbili haijaisha. Ikipita hapo atanunua ya India.

Rogathe alikaa chini kwenye gunia, akashika mashavu. Akaniambia nimjibu sasa hivi.

Jibu la sasa hivi ni la wachuuzi. Nilitaka jibu lenye hadhi. Nikachukua baiskeli kwenda kuazima kamusi ya Kiingereza kwa Mwalimu Hezroni. Nilirudi mbio mbio, nikapita getini, nikaingia ndani nikihema.

Taa ya kijani imezimika. Hakuna mtandao.

Jumanne, 2 Septemba

Nimezima na kuwasha. Nimewasha na kuzima. Nimechomoa waya, nikaupulizia, nikauchomeka. Nimepaka tundu lake mafuta ya cherehani. Nimeigeuza mashine ikatazama dirishani, labda inahitaji hewa. Wapi!

Nikampelekea Hamdani malalamiko. Kabla hajasikia habari yenyewe alisema ni virusi. Kwa Hamdani kila kitu ni virusi. Mwaka jana jenereta lake liliishiwa mafuta, akasema virusi.

Akaja. Shikamoo mzee, marahaba. Akabadilisha kadi ya mtandao, taa hakuna. Akarudi dukani kwake akahamisha waya kwenye tundu jingine la habu, kile kisanduku chake cha kugawia mtandao, taa hakuna. Akakuna kichwa, akatoa hukumu kwamba tatizo liko kati ya duka lake na nyumba yangu. Nikamwambia hata mimi nalijua hilo, kwani kwingine kuna nini? Akasema tuanze kukagua hapa karibu na nyumba, maana waya huharibika pale unapokanyagwa. Nikamwambia hapa karibu aache kabisa, hapa nimeulaza kwa mikono yangu mwenyewe. Tatizo liko huko kwa watu wengine.

Mara taa ikakonyeza. Ikazima. Ikakonyeza. Hamdani akasema virusi vinahangaika.

Jioni Rogathe akaniuliza kwa nini nisiende tu dukani kwa Hamdani kumjibu mtu wa Muscat. Si hapo tu, harufu ya chapati zao inafika hapa.

Mwanamke haelewi siasa. Nimeshatangaza kanisani kwamba nina intaneti nyumbani. Nikaonekane nimekaa kwenye benchi la Hamdani, nimebanwa na watoto wanaotafuta marafiki wa kalamu, binti wa Sylvester anasoma barua zangu begani? Watu wataongea nini? Hapana. Muscat itajibiwa kutoka sebuleni kwangu au haijibiwi.

 Rogathe akaenda kugeuza magunia ya chini yaje juu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemjua mhalifu. Ni Sylvester.

Ameninunia kwa sababu ya tangawizi. Ana mbuzi. Mbuzi wana meno. Na kipande chake cha mtaro ndicho kirefu kuliko vyote (nilimgawia mwenyewe, kosa langu ni wema). Alipoondoka na Fuso kwenda mnadani, nilichukua jembe la Rogathe, nikaingia kwenye kipande chake kufanya uchunguzi. Amekifukia mpaka kina cha goti, akapanga na mawe juu. Mtu asiye na hatia hapangi mawe. Nikachimba, nikachimba, jasho likanitoka. Jembe likagonga kitu laini.

Waya umekatika! Umekatika vipande viwili, na mahali ulipokatika ni papya kabisa, panang'aa. Ushahidi mikononi mwangu!

Nilimwita Hamdani aje aone unyama huu. Aliutazama waya, akalitazama jembe, akanitazama mimi. Akauliza kama nilichimba taratibu. Nikamwambia asigeuze mada. Akakaa juani kuunga nyuzi zile ndogo moja moja, za rangi nane, vumbi la Same linampuliza machoni, akazungushia utepe. Nilimsaidia kwa kumshikia mwavuli, ila ulikuwa unanifunika mimi.

Saa kumi taa ikawaka. Kijani kibichi! Nilikimbia ndani, nikaandika sentensi mbili kwa Muscat. Nzuri mno. Kisha nikaona nisimalize kabla sijatoa taarifa ya hujuma kwa mwenyekiti, mambo ya dola kwanza. Nikapanda baiskeli nikaenda kwa Bi Stumai. Nikarudi.

Hakuna mtandao. Sentensi zangu mbili nazo zimepotea.

Sylvester huyu! Alikuwa mnadani, na bado aliniweza!

Ijumaa, 5 Septemba

Nimefungua shauri. Tumbo limetulia. Sisi Wapare wengine wanatucheka kwa kupenda kesi, lakini bila kesi mtu atajuaje kama ana haki?

Washtakiwa: Sylvester, kwa kukata waya. Mbuzi wa Sylvester, kwa kushirikiana naye. Na Parsimei, mfugaji wa huko tambarare anayepitisha ng'ombe hapa kwenda mnadani, kwa kukanyaga. Nilimfuata Parsimei mwenyewe kumhoji. Alijibu kwamba tangu mtaro uchimbwe anazungukia njia ya chini ili asiuharibu, kwa sababu Bi Stumai alimwomba. Kisha akauliza waya huo unatoa nini hasa, maziwa au maji? Nimeandika kwamba mshtakiwa anakana na ana kejeli.

Bi Stumai alipokea mashtaka yangu. Ni mama mnene, mpole, mwenye tabia ya kukuacha uongee mpaka uishiwe. Nilipoishiwa aliniuliza kama nimeshakagua kipande changu mwenyewe. Nikamwambia mwenyekiti asiwe mtu wa mambo madogo madogo.

Mchana wakaja akina mama na karatasi zenye anwani za wana wao. Tumekuja kusoma barua, wakasema. Nikawaambia mtandao una hitilafu, na hata ukirudi itabidi wachangie kidogo, mashine inakula umeme. Salama, yule muuza mihogo, akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: si nilisema bure? Nikamwambia bure ilikuwa sera ya zamani, sasa tuko kwenye soko huria. Maneno aliyonitupia siyaandiki hapa. Aliondoka na mihogo aliyokuwa ameniletea.

Nyumba inanuka tangawizi mpaka machozi. Mizizi ya chini imeanza kuchipua. Rogathe ametandaza mingine chini ya kitanda na mingine juu ya kabati ili ipate hewa. Tunalala na tangawizi. Usiku niligeuka nikakumbatia gunia.

Nilimwambia avumilie. Hakusema kitu. Tangu tuoane nimejifunza kwamba Rogathe akipiga kelele mambo ni mazuri.

Jumapili, 7 Septemba

Ajabu! Mtandao upo. Upo tangu nilipotoka kitandani. Taa inakonyeza bila kuchoka, asubuhi, mchana, jioni.

Na mambo yalikuwa yameanza vibaya. Jana, kabla sijafika dukani kununua sukari, baiskeli ilipata pancha ya msumari. Nikairudisha kwa kuibeba begani na kuiegesha nje ya geti. Leo sikutoka kabisa. Hata kanisani nimesema naumwa mguu.

Nimefanya kazi kubwa leo. Nimeandikia gazeti moja la Dar barua ndefu kuhusu hujuma dhidi ya teknolojia wilayani Same. Nimetafuta sheria za nchi nyingine juu ya adhabu za wakata waya. Nimecheza karata za kompyuta, si mchezo, ni mazoezi ya mkono. Nimeangalia picha za jiji la Muscat. Wana majengo meupe mazuri sana.

Rogathe alirudi kanisani akauliza kama nimeshamjibu mtu wake. Bado. Alileta chai akauliza tena. Nikamwambia Kiingereza cha barua hakijaiva. Wakati wa makande aliuliza mara ya tatu, mwiko mkononi, akasema kwani shida ni nini, mtu ameuliza idadi ya magunia na siku. Nikamweleza kwamba mkataba wa kimataifa una utangulizi, una mwili, una hitimisho. Sasa hivi niko kwenye utangulizi. Nimeshatumia neno "pursuant" na bado nalitafutia mahali pengine pa kulirudia.

Kwa nini leo mtandao uko imara hivi? Jibu ni rahisi. Ni Jumapili, wahalifu wako kanisani.

Jumatatu, 8 Septemba

Niliamka mapema, nikaziba pancha, nikaenda kuchukua sukari. Nikarudi na baiskeli yangu, bado nina furaha.

Hakuna mtandao.

Nilirusha sukari. Si pakiti yote, ila ilimwagika. Nimesimama katikati ya sebule nikapiga kelele jina la Sylvester mpaka mbwa wakaitikia. Hii ni vita. Nimepanda baiskeli tena hadi kwa Bi Stumai, nikamwambia nataka baraza, nataka mtaro wote ufukuliwe mbele ya mashahidi, kipande kwa kipande, tumwone msaliti. Nikasema mwenye kipande kibovu atozwe bila huruma, achukuliwe mali yake. Aliniuliza kama nina hakika na ninachokiomba. Nikasema andika.

Akaandika. Nikaweka sahihi kubwa.

Jumatano, 10 Septemba

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika, kwa sababu historia lazima iwe na upande wangu.

Walikuja wote. Majembe, watoto migongoni, wengine na karanga za kutafuna. Parsimei alikuja na fimbo yake na shuka jipya, akasema hajawahi kushtakiwa na waya, hawezi kukosa. Tukaanzia dukani kwa Hamdani. Kipande cha kwanza kizuri. Cha pili kizuri. Cha Salama muuza mihogo, kizuri, kimenyooka kama tuta la bustani. Tukafika kwa Sylvester. Nikasogea mbele nione aibu yake. Kina cha goti, mawe yamepangwa, waya mzima kabisa. Jeraha ni moja tu, lile lililozungushiwa utepe, na Hamdani bila kuulizwa akaeleza lilitokana na jembe la nani. Waswahili wanaita kimbelembele.

 Sylvester alitabasamu tu, na hilo lilinichoma kuliko tusi.

Tukafika getini kwangu. Nikasema jamani, tumechoka, jua kali, tuahirishe. Bi Stumai akasema tumefika, tumalizie. Akainama mwenyewe, akashika pembe ya gunia, akavuta.

Waya uko juu ya ardhi, mweupe, hadharani. Pale getini umelala bapa kama kamba ya kiatu. Na juu ya huo ubapa kuna alama za tairi, mistari ile ya tairi langu la nyuma, nimelinunua juzi juzi, inaonekana wazi kabisa. Baiskeli yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi. Gurudumu la mbele lilikuwa limekanyaga waya muda huohuo.

 Salama ndiye aliyeanza. Kicheko chake huwa kinaanzia mbali. Wakafuata wengine, Sylvester akakaa chini kwa kucheka, akashika mbavu, akaomba maji. Parsimei akasema sasa ameelewa, kumbe ng'ombe aliyekanyaga ana kengele na breki. Mpaka Rogathe! Aligeuka upande wa ukuta, lakini mabega yake niliyaona.

Niliumia. Niseme kweli, niliumia sana. Nikajitetea kwamba msimamizi hachimbi. Bi Stumai akauliza, kwa upole wake ule, sheria hiyo iliandikwa na nani. Kisha akasoma ombi langu la juzi, na sahihi yangu kubwa chini yake: mwenye kipande kibovu achukuliwe mali yake. Adhabu ni kuchimba kipande changu mwenyewe, kwa mkono wangu. Kazi ya asubuhi moja. Mpaka nichimbe, kompyuta itakaa kwake kama rehani.

Mgambo wawili wakaingia sebuleni. Na hapa ndipo akili ya Gadiel ilipofanya kazi! Wakachukua kioo. Kile kioo cha kutazamia tu! Walidhani hicho ndicho kompyuta. Sanduku lenyewe, ubongo wenyewe, wameliacha chini ya meza. Nikanyamaza kimya, nikajifanya nimehuzunika. Nimekichezea shere kitongoji kizima.

Jioni Hamdani alinionea huruma, akakata ile sehemu bapa, akaunga kipande kipya. Taa ya kijani inawaka, haitetereki hata kidogo.

Mtandao upo. Kioo hakipo.

Alhamisi, 11 Septemba

Rogathe aliniwekea jembe mlangoni tangu alfajiri. Nimeliruka. Kuchimba ni kukiri kosa, na shauri langu bado halijakatiwa rufaa.

Badala yake nimefanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya wilaya hii. Nimemjibu mtu wa Muscat bila kioo. Nimekaa mbele ya meza tupu, nikafumba macho, nikakumbuka kila kitu kilivyokuwa kimepangwa, nikasogeza kipanya kwa hesabu, nikabonyeza, nikaandika barua yote kuanzia utangulizi. Nikabonyeza pale pa kutuma. Mashine ikaguna kidogo. Naamini imekwenda.

Rogathe alisimama mlangoni akinitazama naandika hewani. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia biashara imekwisha, alale salama.

Ijumaa, 12 Septemba

Rogathe alivaa kitenge chake cha kanisani, akajifunga kilemba, akatoka bila kuaga. Nilidhani anakwenda msibani. Alirudi kabla chai yangu haijapoa.

Ametoka kwa Hamdani. Alikaa kwenye benchi! Katikati ya watoto! Hamdani amemfungulia anwani yake mwenyewe, akaandika mistari mitatu kwa Kiswahili: salamu, idadi ya magunia, na kwamba yako tayari hata leo. Kwa Kiswahili! Nilishika kichwa. Nikamwambia ametuaibisha mbele ya Uarabuni kote.

Akasema jibu lilikuja hajainuka kwenye benchi. Kwa Kiswahili. Bibi wa yule mtu alizaliwa Unguja, Kiswahili ndicho wanachoongea nyumbani. Alikuwa anaandika Kiingereza kwa kamusi, kwa kunionea haya mimi. Anachukua yote. Wakala wake yuko bandarini Tanga, atalipa mzigo ukifika. Rogathe ameshaongea na Sylvester, Fuso linapakia kesho, kwa nauli, si kwa kununua.

Nikamuuliza kama mtu huyo ameulizia habari zangu. Rogathe akatazama pembeni. Akasema ndiyo, ameuliza Gadiel amepatwa na nini hata akamtumia jana ukurasa mzima wa herufi tupu, kama kuku amepita. Aliogopa ni virusi, akafuta.

Kisha akaniuliza swali moja, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. Aliuliza kama ingekuwa ni ada yangu mimi, ningekaa siku zote hizi nikisubiri waya? Nilinyanyua kikombe. Chai ilikuwa imepoa.

Alhamisi, 18 Septemba

Tangawizi imeondoka. Sebule ni kubwa kumbe. Picha ya harusi inaonekana tena: mimi natazama kamera, Rogathe anashikilia mwavuli.

Wakala wa Tanga amelipa. Doris amerudi shule, ada yote mkononi, mama yake alimsindikiza mpaka ofisini kwa mkuu. Na mtu wa Muscat anataka shehena ya pili. Kwa hiyo nadharia yangu imethibitika pasipo shaka: bila mimi kuleta intaneti kitongoji hiki, haya yote yasingetokea. Nilimweleza Rogathe. Alikuwa anafunga mzigo wake. Anapanda Mamba leo na Fuso la Sylvester, kuchimba tangawizi ya kaka zake kwa shehena hiyo ya pili. Aliniomba niende nao, wana upungufu wa mikono. Nilimwuliza, na waya nitamwachia nani? Akaniachia sufuria la makande na ufunguo. Alipanda mbele, kwenye kiti cha abiria, akafungua kioo cha gari, akawa anaongea na Sylvester na wanacheka. Sijui walikuwa wanacheka nini. Hawakunitazama.

Nyumba imenyamaza. Taa ya kijani inakonyeza chini ya meza. Inaniliwaza.

Basi nimeketi kupanga mambo upya. Biashara hii haina uongozi. Mwanamke mmoja, benchi moja, Kiswahili mistari mitatu, huko tunakwenda wapi? Naandika barua rasmi kwa Muscat, kwamba Mkurugenzi ni mimi, Bi Rogathe ni msaidizi wangu wa mashambani, na kuanzia sasa mawasiliano yote yapitie kwangu. Naiandika kwa Kiingereza, ili ajue kwamba safari hii anaongea na mtu mzito. Kamusi ya Mwalimu Hezroni sijamrudishia. Nimefika aya ya pili.

Tatizo dogo: kuituma kunahitaji kioo. Kioo kiko kwa Bi Stumai, ameweka juu yake kitambaa na chombo cha maua. Nimeambiwa hakitoki mpaka kipande changu kichimbwe.

Nimelifikiria suala hili kwa utulivu siku nzima na nimepata ufumbuzi. Jioni hii nimempelekea Bi Stumai ombi la maandishi. Namwomba Jumamosi apige pembe, aitishe msaragambo, watu waje wanichimbie. Kazi yenyewe ni ndogo, na nimemhakikishia kwamba nitaisimamia mwenyewe.